Ukitaka kumtoa bibi kwenda kula usiku, kwanza nenda kakisikilize kiti chenyewe

Mwaka juzi tulimtoa bibi, mzaa mama, tukampeleka kula Mji Mkongwe. Tulikuwa sita: bibi, mamkubwa, ami yangu ambae keshapita sabini, mie na mke wangu, na binamu yangu ambae siku ile ndo alikuwa na habari ya kusema, kapata mchumba na anataka wazee wapeleke posa. Pahala penyewe juu ya paa, upepo wa bahari, vikandili, mito ya kukalia chini, picha zake ukiziona kwenye simu unasema hapa hapa. Binamu akasema habari yake, mamkubwa akapiga kigelegele kidogo kwa aibu mana kulikuwa na watu, bibi akacheka akasema inshallah, Mungu ajaalie. Tukala, tukalipa pesa nyingi tu, tukarudi. Asubuhi yake nampelekea mkate wa mofa, ananiuliza: "Hivi jana yule mwenzio alikuwa anasema nini hata mama'ko mkubwa akapiga kigelegele?"

Hakusikia hata neno moja. Masaa mawili mazima alikuwa anatutizama midomo na kuitikia, na spika ilikuwa juu ya kichwa chake hasa, sie vijana hata hatukuiona.

Tatizo la wazee wetu hawakwambii. Hakuna bibi wa Unguja atakaesema mbele za watu "jamani hapa sisikii", ataona anakuvunjia heshima na wewe ndo unaelipa. Atakwambia chakula kizuri, atakwambia keshashiba, mara anauliza saa ngapi. Kwaiyo ukimuona mtu ambae nyumbani barazani hanyamazi tangu asubuhi, leo kakaa kimya anachezea kijiko, usiseme kachoka. Muulize kitu kidogo kwa sauti ya kawaida, akijibu jambo jengine au akicheka tu basi ujue, pahala ndo pamemshinda.

Tangu siku ile mie mkahawa wa kumpeleka mzee siuchagui kwa picha wala kwa chakula, nauchagua kwa sikio, na sikio lenyewe nalipeleka mwenyewe kabla, siku ileile ya wiki na saa ileile. Ukenda Jumanne saa tisa mchana kukagua pahala mtakapokwenda Jumamosi usiku hujakagua kitu, mchana kila mkahawa umetulia.

Skia kwanza kwanini. Sikio la mzee haliondoki lote kwa mara moja, linaanza kupoteza sauti nyembamba za juu, na hizo ndo zinazobeba herufi kama s, sh, f, t, k. Sauti nene anazipata vizuri tu, ndo mana ukimpigia kelele anakwambia "mbona wanifokea, nakusikia", na kweli anasikia kama unasema, ila unachosema ndo hakifiki. Chukua anaosha, anaoka, anaota. Ukiitoa ile herufi ya kati yote matatu ni neno moja. Nyumbani kumetulia anakisia kwa mazungumzo yalivyo, anajua shangazi ni wa mikate kwaiyo anaoka. Kwenye mkahawa wenye muziki, vijiko na meza ya jirani inacheka, hana pa kukisia. Na sauti za wanawake na watoto ndo nyembamba zaidi, kwaiyo anaweza kumpata ami vizuri na akamkosa mjukuu aliekaa ubavuni mwake. Hata kama ana mashine ya sikio usidhani umemaliza, mashine inakuza kila kitu, sauti yako na sahani pia.

Haya, umeshafika kukagua. Agiza chai au juisi, kaa kwenye meza ileile unayoitaka, sio mlangoni. Halafu piga kofi moja, moja tu, kama unaua mbu. Sauti ikikatika palepale, pazuri. Ikibaki inazunguka hewani hata kidogo, ujue na maneno ya watu yatazunguka hivohivo, wakijaa watu arubaini kila mmoja anapandisha sauti ili amshinde mwenziwe na mwisho ni soko la Darajani. Nyumba zetu za mawe ni nzuri kwa macho lakini kuta zake za mawe na chokaa, sakafu vigae, vioo, dari juu kabisa, sauti haina pa kufia. Pahala penye mapazia mazito, majamvi, vitambaa vya meza, makochi, ndo panameza sauti. Na pahala wazi uani au bustanini ndo bora zaidi, mana sauti inakwenda zake juu hairudi.

Hapo kwenye paa nataka niseme kidogo mana watu hawaliangalii. Makuti ni rafiki wa mzee. Yanameza sauti na mvua ikinyesha yananong'ona tu. Bati ni adui, mvua ya masika ikiteremka kwenye bati hata ukipiga adhana pale chini hakuna anaekusikia. Kwaiyo kuanzia Machi hadi Mei kama mnataka kutoka, tafuta makuti au zege, bati waachie vijana. Kwa upande mwengine Aprili na Mei ndo wageni wachache mjini, mikahawa mitupu, wenye paa nzuri wanakukaribisha kama mfalme. Baadhi ya hoteli za pwani zinafunga kabisa miezi hiyo, kwaiyo piga simu.

Ukipenda mambo ya simu, kuna programu za kupima kelele kwa desibeli, za bure. Watu wawili wakizungumza kawaida, meta moja baina yao, ni kama desibeli 60. Mie nikiona 70 na mkahawa bado haujajaa nanywa chai yangu naondoka. Simu haipimi sawasawa kama chombo chenyewe lakini kwa kazi hii inatosha. Na kama huna, nenda na mtu, akae kiti cha pili, amtajie bei za samaki wa soko la Malindi la hapa mjini kwa sauti ya nyumbani. Ukimwambia "nini?" mara mbili, na wewe una miaka thelathini, basi usimlete bibi.

Sasa inua macho. Spika zipo wapi? Televisheni ipo wapi? Jikoni kunatokea mlango upi? Kile kiblenda cha juisi ya embe kipo kaunta gani? Kiblenda wallahi kinaniudhi kuliko muziki, muziki unaweza kuomba upunguzwe, kiblenda kila akija mtu mpya kinalia. Halafu uliza jenereta ipo upande gani. Watu hawaulizi hili mpaka umeme ukatike, na sie tuliokuwepo ule ukosefu wa umeme wa Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima giza, tunaujua mngurumo wa jenereta ukikukalia sikioni. Meza nzuri kuliko zote bustanini inaweza kuwa meta tano tu na jenereta nyuma ya ukuta wa miyaa na hujui.

Siku na saa. Ijumaa na Jumamosi usiku muepushe mzee, Jumapili na Jumatatu ndo zake. Tizama ratiba ya mpira, usiku wa Jumanne na Jumatano kuna mechi za Ulaya na mikahawa mingi ya Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, inafungulia televisheni mpaka mwisho. Na siku ya Simba na Yanga usitoke na mzee yoyote, labda bibi mwenyewe ni Yanga (wapo, na hao wana kelele kuliko televisheni). Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, Ngome Kongwe, siku zile upande wote wa Forodhani na Shangani muziki unakufuata mpaka vichochoroni, hamia upande mwengine wa mji.

Kuhusu saa, Magharibi yetu mwaka mzima haichezi sana, ni baina ya saa kumi na mbili na dakika chache hivi na saa moja kasoro robo, na Isha inaingia saa moja na robo mpaka saa mbili kasoro. Watu wengi wanasema tusali Isha halafu tutoke, kwaiyo mnafika saa mbili unusu, na hapo ndo mkahawa umejaa na kelele ipo kileleni. Mie nafanya kinyume. Wanasali Magharibi nyumbani, saa moja na dakika kumi tumeshakaa, chakula nimeagiza kwa simu tangu mchana, tunakula wakati wengine ndo wanaanza kuingia. Isha wanasali hapohapo kama pana chumba, msikiti wa karibu, au wakirudi mana wakati wake mrefu. Ila waulize wao, kuna wazee hawataki kuchelewesha hata dakika, na huyo usimlazimishe, atakula huku roho yake ipo msikitini. Na adhana yenyewe usiihesabu kelele, ila usichukue meza iliyotizamana na spika ya msikiti, mnanyamaza kwa heshima halafu msikiti wa pili unaanza, wa tatu unaanza, Mji Mkongwe misikiti imeshikana.

Sasa wapi. Forodhani usiku ni raha, lakini moshi, mashine ya miwa, wapishi wanaita wateja na viti hakuna vya maana, mpeleke mzee saa kumi na moja jioni akae kwenye benchi atizame bahari na anywe juisi ya miwa, halafu muondoke. Mikahawa ya biriani ya Darajani na Mlandege chakula chake hakina mpinzani lakini ni ya mchana, meza za vigae, mafeni, weita anapiga kelele oda mpaka jikoni, na watu wanasubiri kiti chako. Juu ya mapaa ya Mji Mkongwe nimeshasema. Mie sikuhizi naangalia nje ya mji, mahoteli madogo yenye bustani upande wa Mbweni au ule wa Mtoni na Bububu, gari inafika mpaka mlangoni na meza zimeachana. Ukichukua upande wa Kiembesamaki na Mazizini kumbuka ndege zinapita karibu, sio mbaya, zinapita na kwisha. Pemba shida ni nyengine kabisa, Chake au Wete utulivu upo wa kumwaga, ila lazima upige simu siku moja kabla uwambie mpo wangapi na mnataka nini, mana ukenda bila ya kusema utakuta weita na chips.

Ngazi na choo haviongelewi kwenye mambo ya kelele lakini vyote ni safari moja. Ngazi za nyumba za zamani zimesimama kama za dau, na mzee akishapanda kwa shida anakaa anafikiria kushuka, hasikilizi tena mazungumzo. Ile mito ya chini pia, bibi alikaa vizuri, kumuinua tulikuwa watu watatu na yeye anasema "niacheni, niacheni, ntainuka mwenyewe" huku anacheka kwa aibu. Viti viwe na mikono, sio vile vya plastiki vinavyoteleza. Choo kiwe chini hapohapo, cha kukaa, kina maji. Na gari haiingii vichochoroni, kwaiyo pima kutoka gari inaposimama mpaka mlangoni ni hatua ngapi, nenda kwa mwendo wake sio wako, na uhesabu pikipiki zinazokupita.

Ukipiga simu, usiulize "pana kelele?" Hakuna meneja duniani atakaekwambia ndio. Atakwambia pametulia kabisa karibuni sana. Na usiulize kama kuna muziki, atakwambia "muziki wa taratibu tu", na taratibu ya kijana wa miaka ishirini na mbili unaijua. Uliza vitu vinavyojibika. Mie nasema hivi:

"Asalaam alaykum, nataka meza ya watu sita Jumatatu saa moja na robo, nna wazee watatu. Meza ya pembeni yenye ukuta nyuma, ipo? Spika iliyo karibu na meza hiyo mnaweza kuizima, sio kupunguza, kuizima? Kuna mtu anapiga ala au taarab siku hiyo, anaanza saa ngapi? Kuna kundi kubwa limeshaweka nafasi?"

Hilo la mwisho usilisahau. Watalii ishirini wa basi moja au watu wa semina wakimaliza semina yao, meza yako ya pembeni haikusaidii. Na akisema taarab inaanza saa mbili unusu usikatae haraka, ami yangu taarab ndo uhai wake, mnakula na kuzungumza kabla halafu wanakaa kusikiliza, hapo hakuna anaetaka kuzungumza na kila mtu kafurahi. Kama ni pahala panapouza pombe uliza pia kaunta yake ipo wapi, kuna wazee hawakai kabisa pahala hapo na wana haki yao, kwaiyo waulize nyumbani kwanza, usiwape mtihani mezani.

Siku yenyewe fika wewe dakika kumi kabla. Mzee mkalishe pembeni, ukuta nyuma yake, kelele zote zinakuja kwa mbele na yeye anaona nyuso za watu. Taa iangaze nyuso zenu, mana bila ya kujua wazee wengi wanasoma midomo, na ile mishumaa ya kimapenzi inawaziba, achilia mbali kwamba ami anakula changu gizani na miiba. Muulize sikio lipi zuri, au kama unaona haya muulize mkewe, halafu upande huo mkalishe yule mwenye habari ya kusema. Meza ya duara kama ipo. Mkiwa kumi na mbili kwenye meza ndefu, wa mwisho kashakuwa mgeni wa meza nyengine, afadhali mgawanyike meza mbili. Na ukizungumza nae usipige kelele, tizamana nae, nenda polepole, akikosa neno badilisha sentensi usirudie ileile mara nne.

Menyu msomee, maandishi madogo na ya Kizungu. Wengine wana sukari na presha, mwambie weita chumvi kidogo tangu kwenye simu. Zaidi ya hapo sina la kusema kwenye chakula, samaki wa kupaka na wali wa nazi hakuna mzee aliewahi kuukataa.

Mara ya pili tulimpeleka bustanini, Jumatatu, makuti, meza ya pembeni, spika imezimwa. Tulikuwa walewale sita. Binamu akaanza habari za mahari, kwamba wenzetu wametaja kitu kikubwa na yeye hajui kama aombe wapunguze, hajamaliza, bibi kutoka kule pembeni keshamkata: "Mahari hayaombwi kupunguzwa na muoaji, anaomba ami yake, wewe nyamaza." Ami akaitikia hewala. Halafu sijui vipi mazungumzo yakaangukia Forodhani, bibi akatwambia wao wakiijua kwa jina la Jubilee, mana bustani ilipewa jina hilo mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa, na wakati wa usichana wake wakenda na mabuibui yao mapya kusikiliza bendi, na kaka zake wanawafuata kwa nyuma wasionekane. Miaka yote ninayomjua sijapata kuisikia hiyo. Mamkubwa nae hakuwahi kuisikia, na yeye ni mwanawe wa kumzaa.

Jambo la kuondoka basi. Mzee akianza kutafuta kanga yake na kuitengeneza mabegani, wakati umefika, usimwambie "bado mapema". Gari liite pale bili inapokuja, sio mkishafika nje mana kumsimamisha barabarani usiku na upepo wa kusi ni dhambi. Washa tochi ya simu uimulike chini sio usoni, kizingiti mshike mkono hata kama anasema hataki. Na yule samaki aliebaki mwambie weita akufungie, asubuhi ataulizwa.